Benchi la Mama Lishe na Sahani ya Jirani

Ukitaka kuujua mji uliohamia, usiungoje jioni. Jioni mji unakuwa umeshanawa uso, umevaa, unapokea wageni wa kulipa. Amka alfajiri, fuata moshi wa mkaa, uangalie nani amekaa kwenye benchi la mama lishe na anakula nini. Kazi imenihamisha mara kadhaa, na kila mji nilioupenda nilianza kuupenda kwa chai ya asubuhi.

Chukua Unguja. Kila anayeshuka kwenye boti ya Dar es Salaam huelekezwa Forodhani usiku: taa, mishkaki, pweza, urojo, juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu. Ni pahali pazuri, nami huenda kwa furaha. Lakini Forodhani ya usiku haikuambii mtu wa mtaa wa Kikwajuni anaishi vipi. Enzi nilipoishi huko, hilo nililikuta Darajani saa moja asubuhi, pembeni ya soko lililojengwa mwaka 1904. Wachukuzi, wanafunzi, makarani na wavuvi waliokwisha kuuza walikuwa wanakula mbaazi za nazi kwa boflo au chapati, na chai yenye iliki. Nani anamkopa nani, nani amefiwa, bei ya samaki imepanda kwa sababu ya upepo gani: yote yalisemwa hapo kabla ya saa mbili.

Dar es Salaam nayo ina saa yake. Nilifika kijana kutoka Morogoro, nikapanga chumba Manzese, na shule yangu ya kwanza ya jiji ilikuwa supu ya makongoro. Mama alipakua kwa upawa kutoka kwenye sufuria lililokuwa jeusi mpaka mikononi, akakamua ndimu, akasogeza kibakuli cha pilipili ya kusaga, kisha akauliza chapati ngapi bila kuinua macho. Kushoto kwangu alikuwapo kondakta akipanga chenji, kulia mlinzi aliyetoka lindo la usiku na koti lake zito, mbele yetu fundi ujenzi mwenye saruji kwenye kucha. Hawa ndio waliokuwa wanaliendesha jiji wakati wengine bado wamelala. Kwao nilijifunza kwamba mvua kubwa ikinyesha Mto Msimbazi hujaa na barabara ya Jangwani hufungwa, kwa hiyo mtu mwenye haraka ya kufika Kariakoo atafute njia nyingine. Kwao pia nilipata habari ya chumba kinachopangishwa na mwenyewe, bila dalali. Kwa kijana ambaye dalali angemchukulia kodi ya mwezi mzima, habari hiyo ilikuwa na thamani kuliko nyama iliyokuwa kwenye bakuli.

Kijiwe cha kahawa ni hivyohivyo. Muuzaji ana dele juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, ndoo ya maji ya kusuuzia na kashata kwenye kopo. Kahawa ni chungu, bei yake ndogo, na mtu anaweza kuvuta saa nzima kwa vikombe viwili. Hakuna anayekuuliza cheti wala kabila. Watakuuliza timu yako, na ukijibu umeshaingia kwenye mazungumzo. Huko Mji Mkongwe wa Unguja nilipenda zaidi adabu ya barazani. Anayekula akikuona unapita hukwambia, "Karibu." Nawe ukiwa na haraka hujibu, "Starehe," ukaendelea na safari yako. Mwenzako amekupa nafasi mezani kwake kabla hata hajalijua jina lako. Mtu aliyehama peke yake, aliyeacha wazazi na marafiki mbali, huhitaji sana kuambiwa neno hilo kila siku.

Wasiwasi wa tumbo naujua, na si wa kupuuzwa. Homa ya matumbo na kipindupindu ni magonjwa ya kweli katika miji yetu. Kula kinachotoka jikoni kikichemka, tazama maji ya kuoshea vyombo, epuka kachumbari iliyokaa, na nenda kwenye foleni ndefu, kwa kuwa chakula cha foleni ndefu hakilali. Baada ya hapo, kaa ule.

Ramadhani ndiyo iliyonionyesha upande wa pili wa jambo hili, upande wa mwenyeji. Tulihamia nyumba ya Kikwajuni mimi na mke wangu katikati ya mfungo, vyombo vikiwa bado kwenye maboksi. Sisi hatukuwa tunafunga, na majirani walilijua hilo kwa sababu Jumapili walituona tukienda kanisani. Dakika chache kabla ya adhana ya magharibi, mlango ukagongwa. Alikuwa mtoto wa kike, sinia mikononi, ushungi umemteleza mpaka mabegani. "Shikamoo. Mama kasema futari yenu hii." Kulikuwa na mihogo ya nazi iliyolainika hadi ikapasuka, samaki wa kukaanga, kaimati zinazong'aa kwa shira, na uji wa pilipili manga kwenye jagi lililofungwa kwa sahani. Mama yake hatukuwa tumemwona hata kwa mbali. Mke wangu, aliyelelewa Bagamoyo, hakulirudisha sinia tupu. Aliamka mapema kesho yake akapika vitumbua, akampelekea. Tangu siku hiyo hatukuwa tena watu wa ile nyumba ya kona. Tulikuwa na majina, na tulipougua tulijuliwa hali.

Adabu hii ni ya zamani sana katika mwambao wetu. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyetoka kwao mwaka 1325, alifika Mogadishu mwaka 1331, na katika kumbukumbu zake za safari nafasi kubwa ameipa sahani aliyowekewa: wali uliopikwa kwa samli, mchuzi wa kuku, wa nyama, wa samaki na wa mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando na achari za ndimu na pilipili, tangawizi mbichi, maembe. Kwa siku tatu yeye na wenzake waliletewa chakula mara tatu kwa siku, kwa kuwa ndivyo desturi ya mji ilivyotaka. Siku tatu hizo zinanikumbusha methali yetu ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunaipenda kwa ajili ya jembe. Mimi naona zile siku mbili za mwanzo ndizo zenye uzito, kwa sababu jembe linapewa mtu aliyekwisha kulishwa.

Wapo waliohama bila kupenda, na hao walibeba jiko lao. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 familia nyingi ziliondoka Zanzibar, na Sultani Qaboos alipoingia madarakani Oman mwaka 1970 aliwaita Waomani waliotawanyika warudi. Ndiyo maana leo, ndani ya nyumba za Muscat, bado utasikia Kiswahili na utaandaliwa samaki wa kupaka na mandazi. Sioni ubaya wowote katika hilo. Mtu ana haki ya kupika cha kwao, na mji una bahati ukipata wapishi wapya. Ninachokiombea ni njia mbili: upike chako umwonjeshe jirani, na uonje chake.

Kampala nilikaa muda wa kutosha kuipenda. Nilifika nikiwa na Kiswahili changu na Kiganda cha salamu tu. Kwenye mgahawa mdogo wa Wandegeya, mama alinisalimu kwa goti moja chini, kama wafanyavyo wanawake wengi wa Kiganda, "Wasuze otya, ssebo," akaniletea katogo: matoke yaliyopikwa chungu kimoja na utumbo wa ng'ombe, mchuzi mzito, moto wa kuunguza. Ni chakula cha asubuhi cha mtu mwenye kazi ngumu mbele yake. Mimi wa Morogoro ndizi za kupika nazijua tangu utoto, lakini kwetu ziliandamana na nyama jioni, tena kwa nazi. Pale nilimaliza sahani, nikaelewa kwa nini waendesha boda boda wa mji ule wa vilima wanaweza kukaa mpaka alasiri bila kula tena. Kila nilipopita baadaye, mama alinisahihisha Kiganda changu neno moja moja, na wateja wake wakanisaidia kutaja bei sahihi za sokoni Nakasero.

Sasa nawaona vijana wanaohamia miji yetu na nawahurumia. Mtu anapanga ndani ya geti, anaagiza chakula kwa simu, pikipiki inakileta mpaka mlangoni, analipa bila kufungua mdomo. Mwaka unaisha na jirani hamjui, ijapokuwa kila mgahawa wenye picha nzuri ameupita. Simlaumu kijana peke yake. Foleni za barabarani zinamla muda, na kazi zinamrudisha nyumbani amechoka. Ila amelipa kodi ya nyumba bila kuupata mji.

Na miji yenyewe inapunguza mabenchi. Oktoba 2021 Dar es Salaam ilianza kuwaondoa wamachinga kandokando ya barabara, na miongoni mwa waliohamishwa walikuwamo mama lishe. Kwamba njia ya miguu ni ya wenda kwa miguu nakubali, na mitaro haifai kujengewa. Lakini mama lishe aliyepelekwa mbali na kituo cha daladala hupoteza wateja, na kibarua aliyefika jana kutoka Singida hupoteza mahali pa kwanza pa kukaa na kuuliza. Halmashauri zinapochora vituo vya mabasi na masoko, zichore na kibanda cha chakula penye maji ya bomba, choo na kivuli, palepale watu wanapopita. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na lami.

Nawe msomaji, huna haja ya kuingoja halmashauri. Ukiona gari limeegeshwa mtaani kwenu likishusha magodoro na makochi, usianze kwa kuuliza hao ni watu wa wapi. Jiko lao halijafungwa bado, na watoto wana njaa. Pakua ulichopika, ukifunike, umpe mtoto apeleke.