Paja la Krismasi na Jirani Yetu



Siku hizi za Majilio nyumba nyingi zimekwisha kuanza kuhesabu fedha za sikukuu, nasi twapenda kusema neno juu ya meza zetu. Someni kwanza Warumi 14, sura yote.

Kwa Waingereza na Wamarekani wengi, chakula cha Krismasi ni paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi, ndiyo hemu. Sisi tulijifunza kulipika chuo cha ualimu, kwa mwalimu mgeni. Paja hulowekwa usiku kucha chumvi ipungue, kisha huchemshwa kwa moto mdogo, kama dakika 20 kwa kila nusu kilo. Ngozi huvuliwa, mafuta yakachanjwa kwa kisu mirabamiraba, na kila mraba ukadungwa punje ya karafuu. Mwisho hupakwa asali, au sukari guru na haradali, likaingia katika oveni mpaka ling'ae. Mwenye haraka akipaka sukari mapema, sukari itaungua na nyama ndani bado. (Wanafunzi wetu wa zamani watakumbuka kwamba tulikuwa tukisema hivyo hata juu ya sifa.)

Karafuu hizo tuzikumbuke. Katika karne ya 19 karafuu nyingi za dunia zilitoka Unguja na Pemba, nazo zilichumwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Mkunazini likawekwa mahali pale pale. Hata hivyo utumwa haukuondolewa kwa sheria visiwani mpaka 1897. Meza zile za ng'ambo zilinukia vizuri, lakini wachumaji hawakualikwa. Na wachumaji wa leo, walio wengi ni Waislamu, wasingeigusa nyama hiyo.

Sasa tuungame letu. Krismasi iliyopita tulioka paja. Jirani yetu Mwislamu, ambaye kila mwaka alikula pilau kwetu pamoja na watoto wake, alifika mlangoni, akasikia harufu, akaona kisu na sinia. Hakukasirika. Alisema, "Nimekuja kukupeni mkono wa sikukuu tu, Mwalimu, nyumbani tumekwisha kula." Watoto walikuwa na nguo mpya. Akawashika mikono wakarudi. Sisi tukakaa na paja letu linalong'aa, na hatukulimaliza.

Je, ni haramu kwetu? Sivyo. Marko 7 na Matendo 10 zimekwisha kulikata shauri hilo, na hatutaki mtu atumie barua hii kumsumbua Mkristo anayefuga nguruwe akasomesha watoto. Mtu atasema pia kwamba Paulo, katika 1 Wakorintho 8, anamnenea ndugu wa imani aliye dhaifu, wala si jirani wa dini nyingine. Tumelipima neno hilo, nalo ni kweli. Jirani yetu si dhaifu, wala hakuwa karibu kujikwaa. Alikuwa karibu kuondoka tu. Lakini Bwana alipoulizwa jirani ni nani, katika Luka 10, jibu lake lilimtoa Msamaria, mtu wa ibada nyingine. Haki ya kula tunayo. Tuliitumia siku ambayo yeye alikuwa akija.

Tena kusema "tutampikia chake kando" hakutoshi, maana sufuria na oveni ni zile zile, naye anajua.

Kwa hiyo mwaka huu hemu haitaokwa nyumbani kwetu. Wiki iliyopita tulinunua sufuria mpya na sahani, tukaenda kwa jirani kumwomba mumewe atuchinjie kuku wanne asubuhi ya Krismasi, baada ya Misa. Walitazamana kidogo. Mume akasema atakuja na kisu chake. Mke akatusindikiza hadi njiani, akauliza kama karafuu za pilau tunazo za kutosha, au alete.