Msiifunge hedi msiyoipima

Vijana wangu wa gereji za Tukuyu, Kiwira na Ushirika, nina neno nanyi, na afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa mwenye gari aliyerudi na hasira. Siku hizi mnafanya ovaholi ya upande mmoja. Injini inashushwa, chini kunawekwa pistoni mpya, ringi mpya na beringi mpya za krenki. Hedi inasuguliwa kwa brashi na dizeli, inafutwa kwa tambara, inarudi juu na gasketi mpya. Mwenye gari anaambiwa injini yake ni mpya. Si mpya. Nusu yake ni ileile ya zamani, tena ndiyo nusu iliyobeba valvu.

Sisemi kila hedi ikatengenezwe. Injini iliyofunguliwa kwa sababu beringi zinagonga, na ambayo haijawahi kuchemsha, huenda ikahitaji kusagwa valvu na kubadilishiwa sili, basi. Ila hilo lijulikane kwa kupima. Hedi iliyopinda sehemu ya kumi ya milimita inaonekana imenyooka kabisa, na macho ya fundi hata awe hodari vipi hayatamsaidia.

Kupima kwenyewe hakuchukui hata nusu siku. Kwangueni gasketi kuukuu kwa mkono mwepesi, maana alumini inakwaruzika upesi, na msaso wa mawe uacheni kwa maseremala. Lazeni rula ya chuma iliyonyooka kweli, siyo kipande cha flatibaa kilichookotwa nyuma ya gereji. Ilazeni kwa urefu, kwa upana, kisha mshazari pande zote mbili, na kila mahali jaribuni kupenyeza filageji chini yake. Kwa injini nyingi ndogo kikomo ni kati ya 0.05 na 0.10 mm. Baadhi ya dizeli zinaruhusu zaidi, kwa hiyo tafuteni kitabu cha injini hiyohiyo. Halafu ipindueni hedi, plagi au nozeli zikiwa mahali pake, mimineni mafuta ya taa kwenye chemba za valvu, nendeni mkanywe chai. Mkirudi mkakuta tundu la ekzosi limelowa, valvu hiyo haikai kwenye siti yake. Zikishatolewa valvu, tikiseni kila moja ndani ya gaidi yake. Inayocheza haitaacha kucheza kwa sababu ringi ni mpya.

Tena kwenye gari la petroli, ringi mpya hazisitiri gaidi zilizochakaa. Dereva akiachia mafuta mteremkoni, injini inavuta kwa nguvu, na oili inafyonzwa kupitia gaidi hizo. Lijaribuni gari kwenye mteremko wa kutoka Isyonje kwenda Igawilo: shukeni mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta, halafu kanyageni ghafla, mtu mmoja akitazama nyuma. Wingu la moshi wa bluu likitoka hapo, tazameni gaidi na sili za valvu. Moshi huo ukitoka mfululizo wakati wa kupanda na mzigo, hapo ndipo mzilaumu ringi.

Barabara yetu nayo haina huruma na hedi. Gari linaanza Kyela, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, kwenye joto, limejaa abiria au mpunga, linapanda hadi Tukuyu kwenye mita 1,500 hivi, na likiendelea Mbeya linavuka mita 2,000 kule Isyonje. Maji yasiyo na mgandamizo yanachemka nyuzi 100 pwani, lakini hapa Tukuyu yanachemka kwenye 95 hivi, na kule juu mapema zaidi. Mfuniko mzima wa rejeta unayazuia yasichemke mpaka yapite 110. Mfuniko uliolegea, kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye kazi hiyo, unapindisha hedi. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, ikibanwa na boliti haina pa kwenda ila kupinda au kupasuka. Wenye magari ya injini ya 1KZ wanajua habari hizo. Hivyo kabla ya kufunga, ulizeni kwa nini gari lilichemsha. Na thamostati mliyozoea kuing'oa irudisheni: baridi ya Rungwe mwezi wa Julai inaifanya injini itembee bila kupata moto wake, na ringi mlizoweka jana zinaanza kulika.

Msikimbilie kukwangua pia. Kwenye dizeli, kila unachokipunguza kinaisogeza valvu karibu na pistoni, na kuna hedi ambazo watengenezaji wanakataza zisikwanguliwe kabisa. Hedi yenye kemshafti juu ikipinda, njia ya kemshafti imepinda pamoja nayo. Ukinyoosha uso wa chini tu, kemshafti itazunguka kwa shida mpaka ikatike. Hedi ya mtumba nayo ipimwe vilevile, na ijaribiwe kwa shinikizo la hewa ndani ya maji ya moto, kwani ilitolewa kwenye gari lililokufa na hakuna aliyewaambia liliuawa na nini.

Najua mtakachoambiwa: "Funga tu, pesa ikipatikana tutafungua tena." Kufungua tena ni gasketi nyingine, oili nyingine, mara nyingi boliti nyingine, na gari limelala msimu wa viazi. Na msiseme mashine ya kutengenezea hedi iko mbali: Mbeya ni kilomita 70 hivi. Hedi inakwenda na kurudi kwenye buti la Noah.

Kwa hiyo msitaje bei ya ovaholi kabla hedi haijaoshwa na kupimwa. Andikeni vipimo kwenye karatasi, mwenye gari avione na asaini. Ikiwa imepita kikomo na hataki itengenezwe, mrudishieni gari lake likiwa limefunguliwa hivyohivyo, akatafute gereji nyingine.