Mlinzi Aliyeona na Watu Wasiotaka Kusikia

Ndugu wakatekumeni, tunapofundishwa amri ya nane tunamfikiri mara moja yule asemaye uongo. Leo natamani tuwafikiri watu wengine watatu: yule aliyeona jambo la kweli akalisema, yule aliyeliona akalipunguza kwa nia njema, na yule aliyeletewa ukweli mkononi asitake kuujua. Ni yupi kati yao anayedaiwa na Mungu? Habari nitakayowapa ilitokea kweli huko Ulaya, kati ya vita kuu ya kwanza, iliyokwisha mwaka 1918, na vita kuu ya pili, iliyoanza mwaka 1939. Nanyi mtaona kwamba wazee wetu wa Kongo walionja matunda yake machungu.

Kwanza mfahamu kazi ya balozi. Serikali humtuma mtu wake akae katika mji mkuu wa nchi ya kigeni. Huko hula karamu pamoja na wakubwa, husoma magazeti, husikiliza, hutazama, kisha huwaandikia waliomtuma. Pamoja naye hukaa ofisa wa jeshi, ambaye hualikwa kutazama gwaride na mazoezi ya askari. Huyo si mpelelezi ajifichaye usiku. Wenyeji wanamjua, tena wanajua kwamba macho yake yanahesabu.

Kwa mapatano ya Versailles ya mwaka 1919, Ujerumani iliyoshindwa vitani iliruhusiwa kuwa na askari 100,000 tu katika jeshi lake la nchi kavu. Ndege za vita, magari ya chuma yaitwayo vifaru, na merikebu ziendazo chini ya maji, zote zilikatazwa. Lakini vifaru vya kwanza vilipoanza kutengenezwa, viliandikwa katika karatasi za serikali kuwa ni matrekta ya shamba. Marubani walijifunza kwa siri mbali sana, huko Lipetsk katika nchi ya Warusi. Vijana walifundishwa kurusha ndege zisizo na injini, zielezo juu ya upepo, ikasemwa kwamba ni mchezo tu. Angalieni jinsi uovu upendavyo kuvaa nguo za mkulima na za mtoto achezaye.

Mwezi wa Januari mwaka 1933 Adolf Hitler alishika serikali ya Ujerumani. Balozi wa Uingereza katika Berlin alikuwa Horace Rumbold, mzee aliyeitumikia kazi hiyo miaka mingi. Alikuwa amekisoma kitabu alichokiandika Hitler mwenyewe, wala hakukidharau kama walivyokidharau wengi. Tarehe 26 Aprili 1933 aliwaandikia wakubwa wake barua ndefu, akasema waziwazi kwamba mtawala huyu atanena maneno ya amani ili kuwalaza wengine usingizi, mpaka silaha zake ziwe tayari. Mawaziri wa London waliisoma barua ile. Mwaka uleule Rumbold alifikia mwisho wa utumishi wake, akarudi kwao.

Aliyemfuata aliitwa Eric Phipps. Mwezi wa Juni 1934, Hermann Göring, mkubwa wa mambo ya ndege, aliwaalika mabalozi katika shamba lake la msituni kuwaonyesha nyati aliowafuga, mikuki yake na nyumba yake mpya. Phipps aliandika habari hiyo kwa mzaha mwingi, akamchora Göring kama mtoto mnene anayeonyesha vitu vyake vya kuchezea. Lakini mwishoni aliweka mwiba: mtu huyu anavyo vitu vingine vya kuchezea, vyenye mabawa, na huenda siku moja akavirusha kuua watu kwa moyo uleule wa kitoto. Barua hiyo ilipitishwa mkono kwa mkono katika London, na watu wakacheka sana. Ule mwiba haukuwachoma.

Watu wetu husema mjumbe hauawi. Hata hivyo iko namna ya kumwua mjumbe bila kumgusa: kumshukuru, kuisifu barua yake kwamba imeandikwa vizuri, na kuiweka kabatini.

Mwezi wa Machi 1935 kificho kiliondolewa. Serikali ya Hitler ilitangaza kwamba inazo ndege za vita, na kwamba vijana wataitwa kwa lazima ili liwe jeshi la divisheni 36. Miezi mitatu baadaye Uingereza ilitia sahihi mapatano naye, ikamruhusu kujenga manowari kufikia sehemu 35 kwa kila 100 za Uingereza. Balozi wa Ufaransa, André François-Poncet, alikuwa amewaonya wakubwa wake mapema kwamba Hitler atapeleka askari katika nchi ya mto Rhein, mahali palipokatazwa majeshi. Tarehe 7 Machi 1936 askari waliingia. Katika Paris walikuwa wameonywa, lakini walikuwa hawajaamua la kufanya.

Tusiwahukumu upesi wale wasiosikia. Vita ya kwanza ilikuwa imewaua askari milioni nyingi. Karibu kila kijiji cha Ufaransa kilikuwa na jiwe lenye majina ya vijana wake waliokufa. Mama aliyezika wana wawili hataki kusikia kwamba wa tatu naye ataitwa. Tena fedha zilikuwa haba tangu mwaka 1929, na silaha hula fedha. Kuipenda amani si dhambi: Bwana wetu Yesu Kristu aliwaita heri wapatanishi.

Hapa ndipo pagumu. Mwaka 1937 Berlin ilipata balozi mwingine wa Uingereza, Nevile Henderson. Huyu alitaka amani kwa moyo wake wote. Aliandika baadaye kwamba alijiona amechaguliwa na Maongozi ya Mungu ili asaidie kuilinda amani ya dunia. Basi akawa anatafuta katika kila neno la Wajerumani sababu ya kutumaini, na barua zake zikawafundisha wakubwa wake kutumaini pia. Sisemi kwamba alikuwa mwongo. Nasema kwamba nia yake njema ilikaa mbele ya macho yake kama kitambaa. Nami naona kwamba mtu anayedhani ametumwa na Mungu kwa kazi ya amani ana wajibu wa kuupima ukweli mara mbili kuliko wengine, kwa kuwa kosa lake atalifunika kwa jina la Mungu.

Wako pia waliokosa kwa upande wa pili. Mmarekani Charles Lindbergh, rubani mwenye sifa kubwa, alialikwa kuzitazama ndege za Wajerumani tangu mwaka 1936. Alionyeshwa yale waliyotaka ayaone, akaeleza nguvu zao kupita zilivyokuwa. Mwaka 1938 habari kama hizo ziliongeza hofu katika London na Paris, na mwenye hofu huuza kwa bei ndogo. Hivyo kuzidisha ukweli kuliwasaidia maadui wa amani sawasawa na kuupunguza.

Sasa turudi kwa swali letu. Nabii Ezekieli aonyesha kwamba mlinzi aliyeuona upanga akapiga tarumbeta ameiokoa roho yake, hata kama watu hawakuamka. Kwa hiyo Rumbold hadaiwi. Na yule aliyepokea? Mafundisho ya Kanisa hutenga kutojua kwa namna mbili: kutojua kwa mtu asiyekuwa na njia ya kujua, ambako hakumpi hatia, na kutojua kwa mtu anayekwepa kujua. Huku kwa pili ni hatia. Mnayajua matangazo ya ndoa kanisani: Padri anaposoma majina, anayekijua kizuizi hana budi kusema. Lakini kama amekwisha kusema, na wazazi wa bibi arusi wakaziba masikio kwa sababu karamu imekwisha kupikwa, je, wataweza kusema baadaye kwamba hawakujua?

Mtu atajibu kwamba mawaziri wale waliyahatarisha mambo ya kwao tu. Sivyo. Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji, na kwa njia ya Ubelgiji vita ikaifikia Kongo. Askari wa Force Publique walivuka Sudani mpaka nchi ya Abisinia, wakapigana Asosa na Gambela, na huko Saïo jeshi la Waitalia likasalimu amri tarehe 3 Julai 1941. Wengine hawakurudi. Vijijini watu walisukumwa kuutafuta mpira wa msituni, na mwaka 1942 siku za kazi ya lazima zikaongezwa hadi 120 kwa mwaka. Watu hao hawakuwa na balozi katika Berlin, wala hakuna aliyewasomea barua ya Rumbold.