TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 13: TAWBA SI KUPAKA RANGI



Ndugu yangu, wewe unayeshinda shambani Kakese au Mwamkulu unalijua jua la Mpanda. Usichokiona ni kwamba mionzi yake inapenya ngozi na kuharibu DNA, ule uzi ndani ya seli unaobeba maelekezo ya mwili wako.

Lakini Mola hakukuacha hivihivi. Kwenye seli zako kuna vimeng'enya vinavyoukagua uzi huo. Vikikuta palipoharibika, vinakata kipande kibovu na kukitoa, kisha pengo linajazwa kwa kufuata uzi wa pili ambao ni mzima.

Mmoja wa waliotufumbulia jambo hili ni Profesa Aziz Sancar, aliyezaliwa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Savur, Uturuki, kwa wazazi ambao hawakusoma shule. Alianzia maabara na kimeng'enya cha bakteria kiitwacho fotolaiezi, ambacho hutumia mwanga wa buluu kurekebisha madhara ya mionzi. Mwaka 2015 alipata Nobel ya Kemia pamoja na wenzake wawili. Subhanallah!

Sasa tujiangalie. Tunasema astaghfirullah mara mia, na debe la kununulia mpunga bado limetanuliwa. Deni la jirani halijalipwa. Hiyo ni kupaka rangi juu ya ubao uliooza. Wanazuoni wametufundisha: acha dhambi, juta, azimia kutorudia, na kama ni haki ya mtu, mrudishie. Kisha jaza pengo kwa mema, kama tunavyofundishwa katika Surat Hud, aya ya 114.

Na usingoje kumi la mwisho. Seli ikigawanyika kabla hitilafu haijarekebishwa, kosa linaweza kunakiliwa kwenye seli mpya, na huko halionekani tena kuwa kosa. Ndivyo saratani inavyoweza kuanza. Mwanao naye anakuona unavyopima. Akikua, kwake debe lile ndilo debe.

KAZI YA LEO: Kabla ya Magharibi, mkumbuke mtu mmoja unayedaiwa haki yake. Mpigie simu au mfuate. Kama huna cha kumlipa leo, muombe muda kwa ulimi wako mwenyewe.

Ewe Mola, tutoe tulipooza, utujaze kheri, na utukubalie funga zetu. Aamin.

Mtumie na mwenzio.