Jina: Mali au Amana?

Mali ya marehemu hugawanywa kwa sheria. Jina lake hugawanywa kwa kipimo gani? Swali hili liliikabili The Doors, bendi iliyoundwa Los Angeles mwaka 1965. Mwimbaji wake, Jim Morrison, alifia Paris mwaka 1971, umri wake miaka 27. Tangu hapo kila kizazi cha vijana huigundua upya, na hurithi ubishi wake: bendi ilikuwa mwimbaji, au watu wanne?

Mwaka 2002 mpiga kinanda, Ray Manzarek, na mpiga gita, Robby Krieger, walirudi jukwaani kwa jina lile lile, wakiliongezea karne ya 21. Mpiga ngoma, John Densmore, pamoja na warithi wa Morrison, walishtaki; mwaka 2005 mahakama ikakataza jina lisitumiwe. Wapenzi wengi walimlaumu Densmore kwamba anawanyima vijana furaha ambayo wazee wao waliipata. Lawama hiyo ina uzito, maana muziki usiopigwa hufa.

Lakini Densmore hakuzuia nyimbo, alizuia jina. Wanne wale waliwahi kuafikiana kwamba mmoja akikataa, wote wamezuiwa. Mmoja wao alikuwa amekwisha kufa, hakuweza tena kukubali wala kukataa. Je, kimya chake ni ruhusa? Nasema sivyo. Wimbo ni wa kila asikiaye. Jina ni la waliolijenga pamoja. Ahadi kwa aliye hai yaweza kutenguliwa kwa maafikiano. Ahadi kwa maiti haina wa kuitengua.