Kuacha Sifa Iliyo Karibu

Sifa ni kitu kitamu kwa binadamu. Aliyeikosa huitafuta, aliyeipata huilinda, na aliyepungukiwa kidogo tu kuifikia hukosa usingizi. Swali la insha hii ni hili: je, mtu aliye karibu na sifa kubwa, na mwenye nguvu za kuitwaa, aweza kuiacha bila ya kujidhulumu? Swali ni la kale, lakini mfano wake mmoja mwema umetokea juzi katika viwanja vya Marekani.

Katika mpira wa Kimarekani timu mbili hugombea ardhi, na kila yadi hupimwa na kuandikwa. Yuko mchezaji ambaye kazi yake kubwa ni kupokea mpira, kuukumbatia, na kukimbia nao kuwaelekea watu walioazimia kumwangusha. Mbele yake husimama watu watano wenye miili mikubwa, ambao huwasukuma wapinzani ili njia ifunguke. Mwaka 1963 Jim Brown wa Cleveland alikimbia yadi 1,863. Mwaka 1973 O. J. Simpson wa Buffalo alifikisha 2,003 kwa michezo 14. Mwaka 1984 Eric Dickerson wa Los Angeles alipata 2,105 kwa michezo 16, na miaka arobaini ikapita bila ya mtu kumshinda.

Katika msimu wa 2024 Saquon Barkley wa Philadelphia alikuwa na yadi 2,005 baada ya michezo 16. Mchezo mmoja ulibaki. Yadi 101 zilitosha kumweka juu ya wote, na yeye wastani wake kwa mchezo ulikuwa yadi 125. Lakini mchezo ule haukuweza kuongeza wala kupunguza daraja ya timu yake, na mashindano ya ubingwa yalikuwa mlangoni. Mwalimu wa timu, Nick Sirianni, akaamua kumpumzisha. Barkley akakubali, akakaa pembeni, na wenzake wakacheza.

Wako watakaosema kuwa hilo lilikuwa kosa, na hoja zao si za kudharauliwa. Kwanza, maisha ya mkimbiaji uwanjani ni mafupi. Nafasi ya namna ile haibishi hodi mara mbili. Pili, kipawa ni amana, na amana haitimizwi kwa kuiacha nusu. Tatu, na hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, sifa ile haikuwa yake peke yake. Watu watano waliomfungulia njia msimu mzima nao wangalikuwa na fungu ndani yake. Atoaye kilicho chake ni karimu. Atoaye cha ushirika huulizwa kwa idhini ya nani.

Lakini hoja hiyo ya tatu, ikitazamwa vema, humrudia msemaji wake. Ikiwa yadi zile zilikuwa za wote, basi na mwili uliozikimbia ulikuwa na deni kwa wote. Mwaka 2020 Barkley aliumia goti katika mchezo wa pili, na msimu wake ukaishia hapo. Alijua kuwa mguu mmoja ukiteleza waweza kuvunja tumaini la watu wengi. Kuuhatarisha kwa ajili ya hesabu isiyobadili kitu kungalikuwa kulipa deni lake kwa mali ya wengine.

Hatusemi kwamba kuitafuta sifa ni aibu. Mwaka 2012 Adrian Peterson wa Minnesota aliingia katika mchezo wa mwisho akiikaribia hesabu hiyohiyo. Alikimbia yadi 199, akafikisha 2,097, akapungukiwa yadi 9 tu kumpita Dickerson. Lakini siku ile timu yake ilihitaji ushindi ili iingie katika mashindano ya ubingwa, na kila yadi ya Peterson ilikuwa yadi ya wote. Sifa yake na haja ya wenzake zilifuata njia moja. Kwa Barkley njia hizo ziliachana, na hapo ndipo tabia ya mtu hupimwa. Hakuna awezaye kujua uzito wa wema wake maadamu wema na faida vinakaa nyumba moja.

Yajulikana yaliyofuata. Februari 9, 2025, mjini New Orleans, Philadelphia iliishinda Kansas City kwa 40 kwa 22 ikatwaa ubingwa. Msomaji aweza kusema kuwa ushindi huo ndio uthibitisho wa uamuzi ule. Hapana. Kama Philadelphia ingalishindwa, au kama Barkley angaliumia katika mchezo uliofuata, uamuzi ungalibaki mwema vilevile, maana tendo hupimwa kwa sababu zilizokuwako lilipotendwa, si kwa bahati iliyolifuata. Anayemsifu mkulima kwa sababu mvua ilinyesha hajamsifu mkulima, ameisifu mvua.

Katika mchezo huo wa mwisho Barkley alikimbia yadi 57 tu. Wapinzani walielekeza nguvu zao kwake, na wenzake wakapata nafasi ya kushinda. Daftari la hesabu halina safu ya kuandika jambo kama hilo. Huhifadhi hatua alizopiga mtu, halihifadhi mizigo aliyowapunguzia wenziwe.

Basi jibu letu ni kwamba aachaye sifa kwa uvivu au kwa woga amejidhulumu, na aiachaye ili asiwadhulumu wenzake hakupoteza ila tarakimu. Dickerson alibaki na hesabu yake, na ni haki yake, kwani aliitolea jasho. Barkley hakumnyang'anya mtu kitu, wala hakunyang'anywa. Sifa ni kivuli cha kazi: akimbiaye mbele humfuata yenyewe, na ageukaye kukitazama kivuli chake aghalabu hujikwaa.