Kuongozwa Nyikani

Kutoka Mwankoko, kata ya Manispaa ya Singida, barabara ya kaskazini hupita chini ya Mlima Hanang, ikaingia Babati, kisha Arusha. Huko ndiko inakoanza nchi ambayo watu wa utalii huiita Ukanda wa Kaskazini: Meru na Kilimanjaro, nyanda za juu za Ngorongoro, Ziwa Natron, na Ol Doinyo Lengai, ambao jina lake kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu. Watu hutoka mbali kuja kuitembea nchi hiyo kwa miguu siku tano, sita, hata nane. Wengine huikata kwa baiskeli kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Natron, gari la mizigo likiwafuata. Ukiwasikiliza wanachokitafuta, wengi hawaanzi na wanyama wala picha. Wanataja ukimya, kujijua, kuwa karibu na Muumba mahali ambapo mkono wa binadamu haujagusa. Lakini karibu wote wanaongozwa. Mbele yao yupo mtu anayeijua njia, na nyuma yao wapo waliobeba mahema na sufuria. Kwa hiyo lipo swali linalostahili kuulizwa kwa uzito: mtu aliyelipa ili aongozwe na kubebewa, amekutana kweli na nyika, au ameletewa nyika iliyokwisha kutayarishwa? Amefika, au amefikishwa?

Jibu langu ni kwamba amekutana nayo kweli, na kwamba kuongozwa si doa katika safari ya namna hiyo. Hakuna aliyewahi kuingia nyikani akatoka salama bila ujuzi wa mwingine. Kinachoiharibu safari ni kitu kingine, nacho ni kuuficha uongozi huo, mpaka aliyeongozwa akaamini kwamba alikuwa peke yake.

Nianze na maandiko, kwa sababu wanaoisifu safari ya upweke hupenda kuyashika. Katika Kitabu cha Hesabu, wana wa Israeli wanaondoka Sinai wakiwa na wingu la Bwana juu yao. Mtu angedhani wingu linatosha. Hata hivyo Musa anamsihi Hobabu, Mmidiani wa ukweni kwake, asirudi kwao, kwa kuwa yeye anajua mahali pa kupiga kambi jangwani na anaweza kuwa macho yao. Musa haoni kwamba kumhitaji Mmidiani kunapunguza kumtegemea Mungu. Waislamu nao wanajua kwamba mwaka 622, Mtume Muhammad (S.A.W.) na Abubakar walipohama Makka kwenda Madina, hawakuachiwa jangwa walikisie wenyewe. Walimwajiri Abdullah bin Urayqit, mjuzi wa njia ambaye wakati huo alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Wakamkabidhi ngamia wao, wakapatana naye awafuate pango la Thaur baada ya siku tatu. Safari ambayo Waislamu wote huanzia kuhesabu miaka yao iliongozwa na mtu wa kuajiriwa, tena asiye wa imani yao. Sijui ushahidi mzito zaidi ya huu dhidi ya wazo kwamba kiongozi wa kulipwa anaitia safari unajisi.

Mtu atasema: lakini yapo mapango na majangwa ambako mja alikuwa peke yake kweli. Yupo Mtume katika pango la Hira, yupo Eliya akikimbilia Horebu, yupo Yesu katika siku zake 40. Sikatai. Upweke mbele ya Mungu upo, na huenda ndio wenye thamani kuliko yote. Ila tazama masimulizi hayo yanavyosimuliwa. Mtume alipoishiwa chakula alirudi kwa Khadija, naye akamfungia kingine. Eliya aliamshwa chini ya mretemu akakuta mkate na mtungi wa maji, akaambiwa ale kwa kuwa safari ni ndefu kuliko nguvu zake. Yesu mwishoni alihudumiwa na malaika. Wasimulizi wangeweza kuyaacha mambo haya madogo ya chakula na maji ili upweke uonekane kamili, lakini hawakuyaacha. Upweke wao una mlango, na mlangoni yupo aliyeleta kitu.

Historia ya mkoa wetu wenyewe wa Singida inasema vivyo hivyo. Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilivuka, baada ya Ugogo, pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo leo liko upande wa Manyoni na Itigi. Wasafiri wa Ulaya waliliogopa, wakaliandika kama nchi tupu ya vichaka na kiu. Burton na Speke walilivuka mwaka 1857. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi walilipita mwaka hadi mwaka, wakijua visima vyake na urefu wa kila mwendo kati ya maji na maji, na Wakimbu walikuwa na makazi humo. Utupu ulikuwa machoni mwa mgeni. Mbele ya msafara alitembea kirangozi na bendera yake, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kumtangulia, hata awe tajiri wa mali yote iliyobebwa. Naliona hilo kuwa jambo kubwa. Mwenye fedha alikuwa bwana wa pembe na vitambaa, lakini njiani alimfuata anayejua, na utaratibu wa msafara ulimlazimisha akubali hivyo mbele ya watu. Katika misafara hiyo alipita Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa Zanzibar, akapelekwa India, akarudi akiwa huru. Alitembea na Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, kisha Cameron. Mabwana hao walibadilika na wakagombana wao kwa wao juu ya nani aligundua nini. Aliyekuwapo katika safari zote hizo ni Bombay, lakini mtoto wa shule akiulizwa leo juu ya wavumbuzi atataja wengine kwanza.

Hapo ndipo kosa linapoanza, na Kilimanjaro inalionyesha wazi. Vitabu vinasema kileleni walifika Hans Meyer na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889. Ni kweli, na miguu yao walistahili kuisifu. Lakini walikuwa na wapagazi, mpishi na kiongozi, na Mwini Amani wa Pangani alibaki nao kwenye kambi ya juu, katika baridi ambayo mtu wa pwani hakuizoea, akihakikisha kuna chakula na moto. Bila kambi ile kilele kisingefikika. Karne moja baadaye, mwaka 1989, ndipo Yohani Kinyala Lauwo, mzee wa Marangu, alipoheshimiwa hadharani kama mmoja wa walioongoza safari ile. Wanaohoji kama alifika kileleni wana haki ya kuhoji. Mimi nashangazwa zaidi na kwamba swali la nani alikuwapo lilingoja miaka 100.

Na leo? Sheria ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro hairuhusu mtu kupanda mlima bila kiongozi aliyesajiliwa, na ni sheria njema. Mwinuko wa mita 5,895 huua. Kiongozi ndiye anayesoma maumivu ya kichwa, kutapika, maneno yanayoanza kuchanganyika, ndiye anayesema pole pole, na ndiye anayesema turudi wakati mgeni bado anajiona mzima. Lakini utaratibu wa kambi umepangwa kwa namna inayofanya kazi isionekane. Wageni huondoka asubuhi wakiacha mahema yamesimama. Wagumu, kama wapagazi wanavyojiita mlimani, huyabomoa, hubeba, huwapita wageni njiani, na jioni mgeni hukuta hema limesimama tena kana kwamba limeota. Ni kama mkazi wa Singida mjini anavyofungua bomba asikumbuke kwamba maji yale yametoka kwenye visima vya Mwankoko. Hana ubaya moyoni, ila hajui anaishi kwa nani. Mgeni wa namna hiyo akishuka na kusema kwamba alikuwa peke yake na mlima, hasemi uongo kwa kukusudia. Amekosa tu kuliona jambo la kweli kuliko yote lililompata, yaani kwamba alishikwa mkono.

Pingamizi zito zaidi ni la malipo. Kiongozi analipwa, mgumu analipwa, na deni limeisha, kwa hiyo kudai kitu zaidi ni kuchanganya biashara na maadili. Kwanza, malipo yenyewe si jambo la kupitwa haraka. Tangu mwaka 2003 lipo shirika, KPAP, linalopigania wagumu wapate ujira wa haki, mizigo isizidi kipimo, chakula na mahali pa kulala, na lisingekuwapo kama hayo yangekuwa yanatendeka yenyewe. Lakini hata pale ujira unapolipwa wote, umelipia kubeba na kuonyesha njia. Ile hukumu ya kiongozi anayeamua kumrudisha mgeni, akijua huenda akanyimwa bakshishi kwa hasira, haina bei kwenye orodha. Ni amana, na amana hailipwi kwa kumaliza hesabu. Rudi kwa Musa. Alipomsihi Hobabu hakumtajia mshahara. Alimwahidi kwamba wema wowote ambao Bwana angewatendea Israeli, nao wangemtendea yeye. Alimwingiza katika neema yenyewe ya safari.

Wapo watakaosema kwamba mbinu mpya zimelimaliza swali, kwamba mwenye ramani ndani ya simu anaweza kuvuka nyanda za Ngorongoro, kutoka Nainokanoka hadi Ngare Sero, bila mtu wala punda. Hata huyo anafuata vijia vilivyokanyagwa na wafugaji na mifugo yao vizazi kwa vizazi. Amebadilisha kiongozi anayemwona kwa viongozi asiowaona, na sioni kama hiyo ni hatua mbele.

Kwa sababu hiyo nadhani jambo dogo la makaratasi lina uzito wa kiroho. Anayefika kileleni Kilimanjaro hupewa cheti getini chenye jina lake, na kiongozi hutia sahihi kama shahidi. Cheti hicho kingepaswa kuorodhesha majina ya watu wote waliokuwa katika safari ile, kiongozi, wasaidizi wake, mpishi na kila mgumu, kwa herufi zilezile na chini ya tarehe ileile. Kwa wageni wawili orodha inaweza kufika watu kumi au zaidi, na karatasi italazimika kuwa kubwa kidogo. Hifadhi inayo majina hayo tayari, kwa kuwa huandikishwa getini kabla ya kupanda.